Kabla ya kuniandikia bei, nionyesheni mumepima nini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotuumiza wenye magari hapa Mombasa, hasa sisi tuliojikaza tukanunua gari jipya kwa mkopo wa benki, tukidhani tumejiepusha na maudhi ya gari kuukuu. Nazungumzia karatasi za bei zinazotolewa na karakana za kampuni zinazouza magari. Sipingi kazi nzuri kulipwa vizuri. Ninachopinga ni mtu kuandikiwa mamia ya maelfu kabla kitu chenyewe hakijapimwa.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, liko mwaka wa tatu na halijafika kilomita 45,000. Waranti yake ni miaka mitatu au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Halijahudumiwa pengine isipokuwa kwa hao walioniuzia, na mihuri yote imo kitabuni. Mwezi wa Februari, jua la kaskazi limepamba moto, AC ikaanza kutoa hewa ya vuguvugu, kisha ikawa inapuliza joto tupu. Mtu wa bara atasema si ufungue madirisha tu. Aje ayafungue saa nane mchana akiwa kwenye foleni ya feri pale Likoni, lori limemkalia ubavuni linamfukizia moshi wa dizeli, ndipo tuzungumze.

Nikalipeleka. Nikalipishwa Sh4,500 za kuliunganisha na kompyuta, na jioni nikakabidhiwa karatasi. Naiandika kama ilivyokuwa: kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) Sh148,000, kondensa (rejeta ya mbele inayopoza gesi hiyo) Sh46,500, draya (chujio la kunyonya unyevu) Sh9,800, gesi na oili Sh14,000, kazi Sh38,000, na kitu kilichoitwa vifaa vidogo vidogo, Sh6,200. Chini yake, kwa herufi za kusoma kwa miwani, yaliandikwa maneno kwamba bei hizo ni kabla ya VAT. Weka asilimia 16, yaani Sh42,000 nyingine, unafika Sh304,500. Kwa AC. Ya gari ambalo benki bado inanidai.

Mhariri, mimi ni karani wa hesabu katika kampuni ya kuondoa mizigo bandarini. Kutwa nzima nasoma ankara za watu. Ankara ya maana ina nambari ya bidhaa, idadi, bei ya kimoja na maelezo ya kutosha kumwezesha mtu ambaye hajauona mzigo ajue kilichomo. Ile karatasi ya gari haikuwa na nambari ya spea hata moja. Kazi ilitozwa Sh38,000 bila kusema ni ya saa ngapi wala saa moja ni bei gani. Ankara kama hiyo ikiletwa kwetu, hurudishwa kabla aliyeileta hajakaa kitako.

Nikamwuliza kijana wa mapokezi, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii kompresa mumeipimaje mkajua imekufa?"

"Mama, haishiki kabisa. Ukiwasha AC haizunguki."

"Hilo hata mimi nimeliona. Nauliza mumepima nini."

"Ndio utaratibu wa kampuni, mama. Tunabadilisha mfumo wote ili kazi isirudi."

Nikamwomba karatasi ya vipimo, kwa kuwa nilikwisha lipia vipimo. Akaingia ndani, akakaa, akarudi na karatasi ileile ya bei, safari hii imepigwa muhuri.

Na waranti je? Hapo ndipo nilipopewa elimu. Nikaambiwa kondensa imeliwa na kutu ya chumvi, na uharibifu wa mazingira haumo kwenye waranti. Kwa kuwa kondensa imeliwa, gesi imevuja. Kwa kuwa gesi imevuja, kompresa imezunguka kavu. Kwa kuwa imezunguka kavu, imekufa. Basi na kompresa nayo ni ya mazingira, nijilipie. Mnyororo mzima umeshikana vizuri, ila hakuna pete hata moja niliyoonyeshwa kwa macho.

Sibishani na chumvi. Nimezaliwa Mtongwe, najua hewa ya bahari inavyofanya mabati na grili za madirisha, na wanaovuka feri wanajua maji ya bamvua yanavyorukia matumbo ya magari pale kwenye gati. Lakini gari hili waliniuzia Mombasa, na duka lao linapigwa na upepo uleule. Siku ya kutia sahihi hakuna aliyenitajia kwamba hewa ya mji ninaoishi ni sababu ya kuninyima waranti. Ikiwa kondensa ya gari hilo haiwezi kustahimili miaka mitatu ya Pwani, hiyo ni habari ambayo mnunuzi alistahili kuipata kabla ya kulipa.

Nikalichukua gari nikalipeleka Changamwe, kwa fundi wa AC. Nasisitiza, fundi wa AC, si yule fundi wa kila kitu anayefungua injini asubuhi na kurekebisha redio jioni. Kabla hajagusa kitu aliniambia kupima ni Sh3,000, nitengeneze kwake au nisitengeneze.

Alichofanya nilikisimamia mwanzo hadi mwisho, na nakieleza kwa urefu ili msomaji anayeandikiwa bei leo ajue cha kuuliza. Kwanza alifunga geji zake mbili za kupima presha ya gesi, ya buluu kwa upande wa presha ndogo na nyekundu kwa upande wa presha kubwa. Gesi ilikuwa karibu imekwisha. Akanionyesha swichi ndogo ya presha kwenye bomba, akasema, "Dadangu, hii kompresa haijafa, imezuiwa." Akanieleza kwamba oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikipungua mno, swichi ile hukata umeme makusudi, klachi inayoiunganisha kompresa na injini isishike, ili kompresa isizunguke ikajisaga. Yaani ule ukimya ambao karakana iliuita kifo ulikuwa ni kinga yake. Na ile hadithi ya kuzunguka kavu ikawa na kasoro, maana kitu kilichokatiwa umeme hakizunguki.

Kisha akatia gesi kidogo ya majaribio, akawasha gari. Klachi ikalia tak, ikashika. Sindano ya buluu ikashuka, nyekundu ikapanda. Akanambia hicho ndicho kipimo cha kompresa. Kama ingekuwa imekufa, sindano zote mbili zingekaa palepale zinatazamana. Akaizima, akaitoa gesi ile kwa mashine, akajaza naitrojeni kwa presha, akapaka povu la sabuni kwenye viungo na kwenye uso wa kondensa. Pembe ya chini, upande wa abiria, nyuma ya bampa, povu likaanza kutoa mapovu madogo madogo yasiyokoma. Mapezi ya aluminiamu hapo yalikuwa meupe, yakiguswa kwa kidole yanaanguka unga. Kwa hiyo kondensa kweli ililiwa na chumvi, kampuni haikusema uongo kwa hilo. Waliongeza tu Sh148,000 za kompresa isiyo na ubaya.

Nikampa karatasi yangu ya bei aisome. Alipofika kwenye draya akacheka. Kwa gari langu, draya imo ndani ya kondensa yenyewe, pembeni, kwenye mrija. Ukinunua kondensa mpya inakuja nayo. Nilikuwa nimeandikiwa kitu kimoja mara mbili. Jambo hilo, Mhariri, lilinichoma kuliko kompresa. Kompresa unaweza kusema mtu amekisia vibaya. Lakini aliyeandika draya ya Sh9,800 pembeni ya kondensa ya Sh46,500 ama hakuwahi kulifungua boneti, ama alijua mimi sitalifungua.

Kondensa nilinunua Mwembe Tayari, si ya kampuni, ila ni ya mtengenezaji anayejulikana, na dukani wakaniandikia dhamana ya miezi sita, Sh18,500. Fundi alinyonya hewa na unyevu kwa pampu, akaiacha mashine ikae kuona kama sindano itasogea, kisha akajaza gesi kwa kuipima kwenye mizani, kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Gesi na oili Sh5,500, kazi Sh6,000. Pamoja na kupima ni Sh33,000. Risiti zote ninazo.

Najua jibu litakalokuja: spea yako si halisi, na fundi wako hana mashine zetu. Nalichukulia kwa uzito. Basi tuache spea yangu, tuchukue kondensa ya kampuni kwa bei yake ya kampuni, Sh46,500, na gesi yao na kazi yao yote kwa bei zao. Ondoa kompresa na draya peke yake. Karatasi inashuka kutoka Sh304,500 hadi Sh121,452, VAT ndani. Tofauti hiyo haihusu ubora wa spea wala ujuzi wa fundi. Ni gharama ya kutopima.

Kuna kisa kingine kidogo. Nilipochelewa kurudi, meneja wa huduma alinipigia simu. Bila mimi kusema lolote akaniambia wamezungumza na makao makuu na wamenipunguzia asilimia 20. Maana yake Sh60,900 zimeyeyuka wakati nakunywa chai. Wengine wangefurahi. Mimi nilijiuliza zile Sh60,900 zilikuwa za nini hasa, kama zingeweza kuondoka bila spea hata moja kuondoka kwenye orodha. Nikamwuliza kama kompresa bado imo. Imo. Na draya? Imo.

Sitaki nionekane naonea kampuni hizi. Wanalipa kodi ya majengo, wanasomesha mafundi, mashine zao ni ghali, na kuna kazi ambazo mimi mwenyewe singezipeleka kwingine: mikoba ya hewa ya kukinga abiria kwenye ajali, breki za kompyuta, programu za injini, na gari linapoitwa na mtengenezaji lirudishwe kwa kasoro ya kiwandani. Tena bei ya spea najua inavyopanda, kwa sababu makaratasi yake hupita mezani kwangu. Kontena linashuka Kilindini, linatozwa ushuru na ada zake, linapakiwa kwenye reli ya SGR mpaka Nairobi, linafunguliwa kwenye ghala huko, halafu boksi moja la kondensa linapandishwa lori kurudi Mombasa, na mteja wa Mombasa anaambiwa asubiri, spea iko njiani kutoka Nairobi. Spea iliyopita mbele ya dirisha letu! Hapa hapa Miritini kuna kiwanda kinachounganisha magari tangu miaka ya 1970, lakini kwa kondensa tunangoja bara. Haya, gharama hiyo nitailipa, mradi niwe nalipia spea ninayoihitaji.

Na mafundi wa mtaani nao si malaika. Wako wanaojaza gesi bila kutafuta inapovujia, ukirudi mwezi ujao wanajaza tena, nawe unawashukuru. Wako wanaotia gesi ya mitungi isiyo na jina. Wako wanaotoa spea yako nzima na kukuwekea ya gari lililoanguka Mtito Andei. Ndiyo maana sisemi watu wakimbie kampuni waende Changamwe. Nasema kila mahali, penye marumaru na penye mchanga, mwulize mtu amepima nini na umwambie akuonyeshe.

Linalowafunga wengi midomo ni hofu ya waranti. Ukitaja fundi wa nje tu unaambiwa, "Ukiguswa nje, waranti imekufa." Mimi nilikwenda nyumbani nikakisoma kitabu. Changu kinasema uharibifu uliosababishwa na matengenezo ya nje hautalipiwa. Hakisemi kwamba kuweka kondensa ya Mwembe Tayari kunafuta waranti ya gia au injini. Kitabu cha mwenzangu huenda kimeandikwa vingine, kwa hiyo akisome chake, na asiyeelewa aiandikie kampuni barua pepe ajibiwe kwa maandishi. Mimi niliwaandikia: ikiwa nikitengeneza AC nje nitapoteza waranti ya injini, nionyesheni kifungu. Mtu aliyekuwa mwepesi sana kunitisha kwa mdomo akawa mzito wa kuandika.

Tunayo Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012, na wengi hawajui kwamba ndani yake mna sehemu nzima ya matengenezo ya magari. Mwenye gereji anatakiwa kutoa makisio kabla ya kutoza, asifanye kazi ambayo mteja hakuidhinisha, asipitishe makisio yake kwa zaidi ya asilimia 10, na awe tayari kukurudishia vipuri alivyotoa. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike na anachonunua. Ni sheria nzuri. Lakini ile kinga ya asilimia 10 inamfaa mtu aliyeandikiwa Sh50,000 akaja kudaiwa Sh80,000. Aliyeandikiwa Sh304,500 tangu mwanzo haimfai kitu, kwa sababu makisio yaliyovimba siku ya kwanza hayana haja ya kupita popote. Kampuni ingebadilisha kompresa isiyo na ubaya, ingenitoza hadi senti ya mwisho ya makisio yake, na ingekuwa imetii.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaosimamia biashara hii, wakiwemo wabunge wetu wa Pwani ambao wengi wao wanaendesha magari hayo hayo, ni dogo. Karatasi yoyote ya makisio ya kampuni iandikwe kipimo kilichofanywa na matokeo yake, mstari kwa mstari. Kama ni kompresa, presha ilisoma ngapi. Kama ni betri, volti ngapi. Iandikwe nambari ya spea ili mteja aweze kuulizia bei kwingine, na saa za kazi na bei ya saa moja. VAT iwe ndani ya jumla, isiwe kitendawili cha chini ya ukurasa. Hakuna hata moja kati ya haya linaloigharimu karakana ya kweli chochote, kwa sababu fundi aliyepima anazo namba hizo mfukoni.

Wakati tunalingoja hilo, msomaji ajue kwamba malalamiko ya watumiaji yanapokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na kwamba Mombasa ina Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, huna lazima ya kuwa na wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Watu huiogopa mahakama hiyo wakidhani ni ya kanzu na vitabu vinene. Mfanyabiashara jirani yetu ofisini amedai hela zake hapo na akalipwa, akiwa na risiti zake na mdomo wake.

Mimi nimeanza kwa barua. Nimewaandikia wauzaji wangu, nakala kwa Mamlaka, nikidai Sh4,500 za vipimo ambavyo sikupewa matokeo yake, na nikidai bei ya kondensa chini ya waranti, kwa hoja kwamba gari lililouzwa Mombasa limeuzwa pamoja na hewa yake. La pili huenda nikashindwa, nalijua. La kwanza sioni watashindaje. Kondensa ya zamani nimeihifadhi nyumbani pamoja na picha za geji, na wakitaka kuichunguza wanakaribishwa siku yoyote baada ya saa kumi na moja jioni, mradi waje na karatasi yao ya vipimo.

Ni mimi msomaji wenu,
Karani wa hesabu, Mtongwe, Mombasa